Dele la Barafu

Naif, Dubai
9 Novemba 2014

Kwako Bibi Kijakazi wa Kuze, Mombasa, mke wangu wa kwanza na wa pekee mpaka sasa,

Assalaam aleikum. Magoti yanasemaje? Na lile jino lililobaki peke yake, bado linashikilia msimamo? Mimi huku ni mzima kama ngamia wa mashindano. Chakula nakipata, usingizi naupata kwa zamu, na sura imetakata mpaka wenzangu chumbani wananiuliza napaka nini. Nawaambia sipaki kitu, hii ni damu ya Kuze.

Barua hii anakuletea Taib wa Makadara, yule anayekuja hapa Naif kununua mashuka na vifuniko vya simu. Najua una simu. Najua pia kwamba nikikupigia unaishika mbali na sikio kama umeshika kaa mzima, unasema "haya, haya, wasalimie," unakata. Kwa hiyo naandika. Mwalimu wangu wa darasa la saba angeona Mubin anajaza kurasa bila kuchapwa, angeomba maji ya kunywa.

Sasa kaa vizuri, nina habari ya kazi na habari ya moyo.

Kazi kwanza. Sioshi sufuria tena. Kwenye ile hoteli ya Deira sasa mimi ni mchongaji, nachonga barafu. Usicheke kabla sijamaliza. Matajiri wa huku wakifanya harusi chakula hakipiti kooni mpaka katikati ya ukumbi pawe na jumba la barafu linalong'aa kwa taa za rangi. Barafu yenyewe inakuja kwa loli, majiwe marefu, safi mpaka ukisimama nyuma yake naona unachokifikiria. Mfilipino mmoja ndiye aliyenifundisha. Mkataba wake ulipokwisha aliniachia patasi zake na msumeno wa injini, akaenda zake kwao. Leo mimi ndiye mchongaji wa barafu mkubwa kuliko wote katika Ghuba nzima, ukiondoa wanne watano wanaonizidi.

Wiki iliyopita nilichonga lango la ngome, linanipita urefu, lina nguzo mbili na maua ya asumini juu. Wageni walipiga picha na lango langu kuliko na bibi harusi, mpaka bibi harusi akanuna. Bwana harusi kwa furaha akalibusu, midomo ikaganda, ikabidi tumbandue kwa maji ya vuguvugu. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Sasa habari ya moyo. Anaitwa Fauziya, Muislamu, Mganda wa Iganga. Ni askari wa lango la nyuma la hoteli, pale inapoingilia barafu. Siku ya kwanza alinizuia kwa kuwa kitambulisho changu kilikuwa kimelowa hakisomeki. Nikamwambia, "Dada, mimi ndiye ninayetengeneza yale majumba ya ukumbini." Akanitazama kutoka viatu mpaka kofia, akasema, "Basi jitengenezee kitambulisho." Bibi, niliganda hapo kuliko barafu.

Tatizo ni kwamba mkataba wake unaisha mwezi wa nne. Huku mtu mkataba ukimwishia wanasema khalas, yaani basi, na anakuwa kama hakuwahi kuwapo. Shuka lake halijapoa, kitanda kina mtu mwingine. Chumbani kwetu tumeaga watu mpaka keki ya kuagana tunanunua ile ile, tunabadilisha jina juu. Sitaki Fauziya aondoke kwa keki hiyo. Nataka kumuoa.

Babake, Mzee Jamiru, amesema kwa mdomo wake: "Huyo Mswahili alete mzee wake, aketi kwenye mkeka wangu, anipose binti macho kwa macho. Mambo ya simu sitaki." Unaona ni mtu wa aina yako. Baba yangu Mungu alimchukua, mama aliolewa mbali nikiwa mdogo, aliyenilea ni wewe. Mzee wangu ni wewe. Nakuomba upande basi mpaka Iganga, ukaniposee.

Nabusu mkono,
mumeo mdogo na mjukuu wako,
Mubin


Kuze, Mombasa
2 Desemba 2014

Kwa Mubin, mume wangu asiyeniachia hata ya sukari,

Waaleikum salaam. Magoti yanauma, jino lipo. Mvua za vuli zimekuja vibaya, paa la uani linavuja mahali papya, na pale pa zamani pameacha kuvuja kwa heshima. Nashukuru.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza niliisoma kwa kucheka, ya pili niliisoma kutafuta ukweli, na hiyo ya pili haikuchukua muda mrefu.

Hebu nikuulize. Hilo lango lenye asumini liko wapi leo? Usinijibu, nimeshamuuliza Taib. Amesema harusi ikiisha mabaki yanasukumwa kwa mifagio mpaka kwenye mtaro. Mjukuu wangu amekwenda ng'ambo miaka yote hii, na kazi ya mikono yake iko mtaroni na maganda ya kamba.

Mubin, mimi nakupenda na nakujua. Ulianza kinyozi, viti vikauzwa. Ukaingia tuktuk, ukaiacha Likoni bila tairi. Ukafungua duka la juisi, mwenyewe ukanywa faida. Haya yote ni mambo ya vijana, sikuyatia moyoni. Lakini Amne je? Ndoa yako na Amne ilianza baada ya Ramadhani na haikuiona Ramadhani nyingine. Mimi ndiye niliyekwenda kumposa, na mimi ndiye niliyerudi kwao kuomba radhi. Mpaka leo nikimwona mamake pale Markiti najifanya nachagua nyanya. Nimechagua nyanya nyingi ambazo sikuzihitaji.

Huyo binti wa Iganga simjui na sina baya naye. Kwa lile jibu la kitambulisho nampa heshima yake. Ndiyo sababu siwezi kwenda kuketi kwenye mkeka wa babake nikasema "huyu wangu ni mtu wa kukaa", na mimi sina ushahidi.

Mimi ni mtu wa vitu vinavyokaa, unanijua. Dele langu la kahawa, lile la shaba, nilitoka nalo kwetu siku niliyoolewa. Babu yako amekwenda, meno yamekwenda, dele lipo. Kwa hiyo sikiliza sharti langu. Nitumie kitu kimoja ulichokifanya kwa mikono yako mwenyewe. Kinifikie hapa, nikione, nikishike. Kikinifikia nitapanda basi na magoti yangu haya. Kisiponifikia, mwache mtoto wa watu aende kwao kwa amani.

Na usinichongee kitu chenye roho. Nyumba hii malaika wanaingia.

Bibi yako na mkeo aliyekosa la kufanya,
Kijakazi


Naif, Dubai
28 Desemba 2014

Kwa Bibi Kijakazi, hakimu mkuu wa Kuze,

Assalaam aleikum wa rahmatullah. Baridi imeingia huku. Baridi ya Dubai ni kama hasira yako, inatisha asubuhi na kufika adhuhuri imekwisha. Afya yangu njema, ila kidole kimoja kimeungua, na sasa hivi utajua kwa nini.

Sharti lako nimelipokea kama mwanamume. Nikajiuliza, Bibi yangu anapenda nini? Anapenda udi. Basi nikaenda Ras Al Khor, kule kwenye magereji na makarakana, nina rafiki yangu mmoja ana tanuri la kuyeyushia shaba. Kila jioni baada ya kazi nilikwenda, nikavua shati, nikapiga nyundo. Moto ulikuwa wa kutisha. Watu walikuwa wanapita, wanasimama, wanasema yalla, huyu Mkenya ana mkono. Hapo ndipo kidole kilipoungua, lakini sikulia, nilikufikiria wewe.

Matokeo yake ni hiki chetezo anachokuletea Taib. Tazama zile nakshi za pembeni. Tazama miguu mitatu ilivyokaa sawa. Hiki, Bibi, vitukuu wako watakirithi.

Fauziya anakusalimu. Ameniambia nikuulize unapenda samaki wa aina gani, sijui ana mpango gani.

Tiketi ya basi wanauza pale Mwembe Tayari. Omba kiti cha dirishani.

Mumeo fundi,
Mubin


Kuze, Mombasa
20 Januari 2015

Kwa fundi Mubin,

Waaleikum salaam. Ni mzima, na mbavu zinauma, nitakueleza sababu.

Chetezo kimefika na nimekipenda. Bi Sheikha wa nyumba ya pili naye amekipenda, kwa kuwa anacho. Aliletewa na mwanawe mwaka juzi kutoka huko huko. Alikwenda akakichukua chake, tukaviweka pamoja mezani, na sasa hatujui kipi ni cha nani. Nakshi ni zile zile, miguu ni ile ile, hata pale kwenye mguu wa tatu palipopinda kidogo, pamepinda pote pawili. Chake kilikuja na boksi.

Tumecheka mpaka Bi Sheikha akaomba alale kidogo kwenye kitanda changu.

Kidole chako kipake asali.

Sijakasirika, mume wangu. Ningekasirika nisingekuandikia. Lakini sharti ni lile lile, na mwezi wa nne hausogei kwa ajili yako. Binti muulize kama anamjua samaki anayeitwa changu, ndiye nimpendaye. Na binti mwenyewe nimeanza kumpenda, na hapo umenisikitisha, maana naona nitampenda mtu nisiyemposa.

Bibi yako,
Kijakazi


Naif, Dubai
22 Februari 2015

Kwa Bibi yangu,

Assalaam aleikum. Leo sikuulizi magoti, nakuombea tu. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako aliipokea Fauziya. Taib alinikosa chumbani, akapita hotelini, akamwachia pale langoni. Bahasha ilikuwa wazi, akaisoma. Alipofika kwenye lile boksi la Bi Sheikha alicheka mpaka msimamizi wake akatoka nje kuuliza kuna nini. Kisha akaacha kucheka, akanirudishia karatasi, akaniambia hivi, na naandika kama alivyosema:

"Mubin, umemdanganya mama mzima kwa sababu unaionea haya kazi yako. Mtu anayeionea haya kazi yake, kesho atamwonea haya na mkewe."

Mimi, Bibi, mwenye jibu la kila mtu, niliikunja ile barua mara nne, nikaitia mfukoni.

Nikamwambia, "Sasa nifanyeje? Kitu pekee ninachokijua ni barafu."

"Basi mpelekee barafu."

"Itayeyuka."

"Itayeyuka ukiifunga wewe."

Kumbe babake alikuwa muuza samaki. Alikuwa anawatoa ziwani anawapeleka mjini kwa baiskeli, jua la mchana, na samaki wanafika wanakutazama. Fauziya tangu mdogo kazi yake ilikuwa kufunga barafu kwa maranda ya mbao na magunia. Alisema maranda yawe makavu, barafu isiguse ukuta wa sanduku, na mtu asifungue njiani kuchungulia. Hilo la kuchungulia alilisema akinitazama mimi.

Basi tukaanza. Ijumaa yetu ya mapumziko tulikwenda Ras Al Khor, safari hii nimekwenda kweli, una haki ya kucheka. Tukaomba maranda kwa mafundi seremala, tukayaanika juu ya paa la jengo letu. Wenzangu chumbani wote wakawa wataalamu. Mmoja akasema tia chumvi, mwingine akasema tusome dua, wa tatu akatoa blanketi lake mwenyewe, naye ni mtu ambaye hajawahi kumpa mtu hata kiberiti.

Nimekuchongea dele lako. Sikuwa na picha, nimelichonga kwa kichwa. Mdomo wake, mkono wake, kifuniko, na lile bonde la ubavuni nililolitia mimi nilipoliangusha kisimani nikiwa na miaka sita na ukanifukuza mpaka Ngome. Nimechonga mambo mengi, Bibi. Nimechonga majumba na matao na chemchemi. Hili ndilo la kwanza ambalo nilipomaliza nilitaka kukaa nalo.

Taib amegoma siku mbili. Alisema yeye ni mfanyabiashara, si friza. Fauziya alimwambia neno moja sikulisikia, akabeba. Ndege inapitia Nairobi, kisha Mombasa.

Bibi, ukifungua ukakuta maji, basi umekuta maji, na sitakulaumu. Nitamsindikiza Fauziya uwanja wa ndege mwanzo wa mwezi wa nne, nitarudi kazini. Lakini ujue nilikutumia kitu changu.

Mjukuu wako,
Mubin


Kuze, Mombasa
3 Machi 2015

Kwa mjukuu wangu Mubin,

Waaleikum salaam, na salamu za mtaa mzima, maana wote walikuwapo.

Taib aliingia hapa baada ya sala ya adhuhuri amekumbatia sanduku kama mtu aliyebeba mgonjwa. Alikuwa hajalala. Anasema uwanja wa ndege wa Nairobi walimuuliza ndani kuna nini, akajibu dele la kahawa. Wakamulika kwa mashine yao, hawakuona dele. Wakafumua mshono mmoja pembeni, wakaona maranda. Wakachimba kidogo, wakaona barafu. Askari akamuuliza, "Mzee, unatoka ng'ambo unaleta barafu Mombasa?" Akasema ndiyo. Wakamwacha apite, nadhani hakuna sheria ya kumfunga mtu kwa kosa hilo.

Nililifungua mimi mwenyewe, uani. Gunia la kwanza, gunia la pili, blanketi, kisha maranda, kisha plastiki, kisha maranda tena. Bi Sheikha alikuwa anahesabu kwa sauti kama mnada. Nikafikiri ndani hamna kitu, mmenifungia upendo tu. Kisha mkono wangu ukagusa ubaridi.

Mdomo wa dele ulikuwa umekwenda. Mkono umebaki nusu. Kifuniko kimeshikana na shingo, huwezi kujua kinaanzia wapi. Lakini tumbo lilikuwapo, Mubin, limejaa vizuri. Na lile bonde la ubavuni lilikuwapo. Nililigusa kwa kidole, nikalia kidogo, kisha nikasema ni baridi imenipanda machoni. Hakuna aliyeniamini.

Nikaliweka kwenye sinia, katikati ya ua. Nikalitoa na la shaba, nikaliweka pembeni yake nipate kulinganisha. Watoto wakaita mama zao, mama zao wakaita jirani. Wanaume waliokuwa msikitini wakapata udhuru wa kuja kunijulia hali. Tukakaa. Hakuna aliyetaka kuondoka hata kwenda kuzima jiko. Kila tone likidondoka watu wanasema "aah", kama wanaangalia mpira. Bonde lilipofutika Bi Sheikha alinishika mkono.

Mimi nikalitazama lile la shaba. Miaka yote hiyo lipo rafuni, nalisugua kwa ndimu kila Idi, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuvuta kiti akaketi kulitazama. Hata mimi. Najua lipo, basi. Na hili lako, ambalo halikuwa na siku nyingi duniani, watu wamelitazama mpaka wanakosa sala ya jamaa. Sijui maana yake ni nini. Nimeliwaza usiku, sikulimaliza.

Maji yake tuliyakinga kwenye jagi. Tukatia ndimu na sukari, kila mtu akapata mafunda mawili matatu. Mimi nilipata na chembe ya maranda, nikaitema. Sherbeti nzuri. Mtoto wa Bi Sheikha aliuliza lingine linakuja lini.

Sasa nije kwenye neno lako. Nilisema kinifikie, nikione, nikishike. Kimenifikia, nimekiona, nimekishika, na nimekinywa juu yake. Sikusema kikae. Bi Sheikha anadai nilikusudia kikae, nimemwambia alete mashahidi.

Lakini nikwambie kilichonishinda hasa. Wewe umechonga vizuri, na nilijua una mikono, hata ulipokuwa kinyozi shida haikuwa mikono. Kilichonishinda ni ule ufungaji. Kila pembe imekazwa. Kila gunia limeshonwa kwa uzi, mishono midogo midogo, ya mtu asiye na haraka. Huyo binti hanijui. Anajua ni barafu, anajua inakwenda mbali, na hakuna mtu aliyempa hakika kwamba nitaiona. Na alifunga kana kwamba itafika. Mtu anayekifunga namna ile kitu anachojua kitayeyuka, huyo namtaka nyumbani kwangu.

Nimekata tiketi. Kiti cha dirishani.

Magunia nimeyafua nimeyaanika, nitamrudishia mwenyewe.

Bibi yako,
Kijakazi


Naif, Dubai
20 Machi 2015

Kwa Bibi Kijakazi, balozi wangu,

Assalaam aleikum, na Mungu akupe magoti ya msichana.

Barua yako nimeisoma chumbani kwa sauti. Mwenye blanketi alilia, anasema ni kwa ajili ya blanketi. Mimi nilicheza. Nilicheza mpaka mtu wa chini akagonga dari kwa ufagio, nikashuka kumweleza habari, naye akacheza, na hatujuani hata jina. Fauziya nilimsomea pale langoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilisahau kuweka gunia la tatu," akageuka kukagua loli. Lakini nilimwona anafuta shavu kwa karatasi ya kupitishia mizigo.

Sasa maelekezo. Kule watakupa matoke, yale ya ndizi. Kula. Usiseme yanafanana na kitu. Mzee Jamiru alijifunza Kiswahili Busia kwa madereva wa malori, kwa hiyo akikuambia jambo ukashtuka, ujue anakuheshimu. Watakuuliza habari zangu. Waambie mimi ni msanii wa kimataifa, kazi zangu zimeonwa na mawaziri. Tuktuk usiitaje. Duka la juisi unaweza kulitaja kama uwekezaji.

Mahari niko tayari, nguo za harusi nimezipima mara tatu na kila mara nazidi kupendeza. Hayo sina hofu nayo. Ninalo moja tu linaloniamsha, na nakuandikia wewe kwa kuwa siwezi kumwambia mtu mwingine. Naogopa mzee atakuuliza kama nitakaa. Kama nitakaa na binti yake mpaka mwisho. Na wewe si mtu wa kusema uongo, na mimi ni yule yule wa Amne. Nimejitafuta ndani, Bibi, nikakuta nataka. Nataka sana. Lakini na ile mara ya kwanza nilitaka.

Akikuuliza hivyo, sijui utamjibu nini. Sina la kukufundisha.

Fauziya anaondoka mwanzo wa mwezi. Atakuwa kwao ukifika. Keki hatukununua, amekataa. Amesema hakuna anayeagana.

Mjukuu wako,
Mubin


Iganga, Uganda
16 Aprili 2015

Kwa Mubin, bwana harusi,

Waaleikum salaam. Nimeanza na jina hilo ili usiruke mistari kutafuta jibu, maana nakujua, nimekulea. Sasa kaa chini usome polepole.

Safari ilikuwa ndefu, na jirani yangu wa kiti alikuwa na jogoo. Malaba tulishuka kupiga mihuri, kijana wa mpakani akaniuliza nakwenda Uganda kufanya nini, nikamwambia nakwenda kumuozesha mume wangu. Alipiga muhuri bila kuuliza la pili.

Fauziya alinipokea kituoni. Mrefu, hukuniambia ni mrefu. Alichukua mzigo wangu, akaupima kwa mkono, akasema, "Bibi, hii kamba imelegea," akaifunga upya pale pale barabarani. Nikajua sikupotea njia.

Mzee Jamiru ana meno mawili, kwa hiyo kanishinda kwa moja. Tulianza kwa kulinganisha magoti. La kwake la kulia ni baya kuliko yangu yote mawili, hilo nilimpa. Wakaja ndugu zake, wakaja majirani, mkeka ukajaa. Nikasema yaliyonileta. Nikasema una mikono, una ulimi, una moyo mkubwa kuliko kichwa. Tuktuk niliitaja. Amne nilimtaja. Duka la juisi nililitaja, na sikulipa jina lingine.

Mzee akasafisha koo, akauliza lile lile ulilolihofia. "Mama, sema kweli. Huyu kijana atakaa na binti yangu mpaka mwisho?"

Mubin, nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu Malaba. Yote yaliniruka. Nikamtazama nikamwambia, "Mwenzangu, mimi nimekuja kuposa, sikuja kuuza friji. Friji ndiyo inayokuja na garantii."

Nikajua nimekuharibia. Shangazi mmoja akawa anatazama dari.

Mzee Jamiru akasema, "Friji yetu ilikufa ndani ya garantii."

Akaanza kucheka yeye, wakafuata wote, yule shangazi wa dari ndiye aliyecheka zaidi. Jirani mmoja ilibidi apigwe mgongo. Fauziya alikuwa nyuma ya pazia, nilimsikia.

Walipotulia nikaona si haki kumwachia mzee mzaha peke yake. Nikamwambia la kweli. Nikamwambia mimi na mume wangu tulikaa miaka tisa, kisha Mungu akamtaka. Watu hunionea huruma kwa hiyo tisa. Mimi nilishiba. Nimekuwa nikishikilia vyombo na milango na mapaa yanayovuja tangu siku ile, nikidhani ndivyo vilivyobaki kwangu, kumbe kilichobaki ni kule kushiba. Nikamwambia sijui mjukuu wangu atapewa miaka mingapi. Hiyo atakayopewa, nadhani sasa atakaa ndani yake.

Mzee alimwita binti, akamuuliza kwa lugha yao, binti akajibu neno moja. Mzee akanigeukia akasema, "Basi mwambie aje." Kisha akasema jambo lingine la madereva wa malori, sitaliandika.

Umekubaliwa. Harusi ni Kuze, baada ya Idi. Ruhusa omba kwa arbab wako, huyo bosi wako wa huko, kesho, usingoje.

Nilikuja kwa siku tatu, sasa ni wiki, wamenikatalia kuondoka na mimi sikukataa sana. Asubuhi tunakwenda shambani kuangalia kahawa yao ilivyo mtini, na mchana mimi na Mzee Jamiru tunabishana kuhusu samaki wa maji chumvi na wa ziwani, hakuna anayeshinda. Nilikuwa na mengine ya kukueleza kuhusu nguo na kuhusu sura ya huyo binti alipojibu. Lakini amesimama hapa mlangoni, anasema matoke yametoka jikoni sasa hivi na yakipoa si matoke tena, na babake ameshaanza bila mimi. Nakwenda kula.

Bibi yako,
mke mkubwa